Ndiyo ya Kuvuta Pumzi

Tyra Lindmark alivua viatu mlangoni, akavipanga kando ya viatu vya wawekezaji, akagundua kwamba soksi yake ya kushoto ina tundu kwenye kidole gumba. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwishoni mwa Novemba, na jua la mji wa Luleå lilikuwa limechomoza kwa uvivu. Mkononi alishika fimbo yake ya kupimia barafu. Alikunja vidole vya mguu tundu lisionekane, akasubiri kuitwa.

Watu wa kaskazini mwa Uswidi hawaisumbui sana midomo yao. Hata ndiyo hawaitamki; huvuta hewa ndani mara moja, fyup, na mazungumzo yakaendelea. Mgeni hudhani amesonywa, akaudhika bure. Kwa watu wa kawaida pumzi hiyo huingia na kutoka, wala hakuna kinachoharibika. Kwa wenye hisa katika kampuni ya wawekezaji wale, ghorofa ya tatu, huingia tu, tena huingia na neno lililokuwa likisemwa, na neno hilo halirudi kwa mwenyewe. Mji mzima ulilijua hilo kama ulivyojua siku ya kuzoa taka. Evert mwokaji alipanda pale miaka miwili iliyopita kuombea mtaji mkate mwembamba wa bibi yake, akakubaliwa. Tangu hapo hawezi kusema mkate. Akiwa dukani kwake mwenyewe husema "kile cha bapa." Mtaji alipata, tusimsingizie, na kile cha bapa kinauzwa hadi Stockholm.

Kwa hiyo asubuhi ile, kabla Tyra hajatoka nyumbani, Gerd, mama yake, alikuwa na la kusema. Alilisema huku akitumbukiza vipande vya jibini kwenye kahawa, kama ilivyo desturi ya huko.

"Ya fimbo sema yote. Jina la kaka yako libaki hapa nyumbani."

"Sitalitaja, Mama."

"Ulimi hauna mfupa, mwanangu."

Kaka mtu alikuwa Isak. Miaka sita nyuma, Novemba kama hii, alitoka kwenda kukagua nyavu chini ya barafu akiwa na fimbo ya kizamani, ile ambayo unagonga kisha unakisia. Alikisia vibaya. Mto ulimrudisha mwezi wa Mei. Nyumbani ilibaki picha yake ukutani, amevaa kofia nyekundu, na likabaki jina. Kila asubuhi Gerd alisimama dirishani, akautazama mto, akasema, "Isak, umeamkaje?" Kisha ndipo alipoweza kuwasha jiko.

Ofisini kwa wawekezaji walikuwa wawili: Sture Hedqvist, mwenye soksi nene za kufumwa kwa mkono, na Maj-Lis Norberg, aliyemmiminia Tyra kahawa mwenyewe na kumuuliza hali ya barabara. Walikuwa watu wema, na hilo lilimtisha zaidi. Tyra alieleza kwamba ukigonga barafu, fimbo yake husikiliza mlio: taa ya kijani, pita, nyekundu, rudi ulikotoka. Alitaka iuzwe kwa bei ya glavu, kila nyumba ya kando ya mto iwe nayo. Aliposema betri hudumu majira yote ya baridi, Maj-Lis alivuta pumzi, fyup, na Tyra akahisi ufizi wake umekuwa baridi. Tangu hapo aliiita "kile kinachoipa nguvu." Alikuwa amejiandaa, kila neno la maana alilifanyia mazoezi kwa namna mbili.

Mtu hawezi kuwa na namna mbili za jina la kaka yake.

Hawakuvuta pumzi tena. Sture aliizungusha fimbo, akairudisha mezani.

"Fimbo tumeielewa," alisema. "Ila wewe bado hatujakuelewa."

"Hakuna anayenunua fimbo, Tyra," Maj-Lis alisema kwa upole. "Kuna mtu nyuma yake. Ni nani?"

Tyra akasema ni jirani. Hakuna aliyevuta hata hewa ya kujazia kijiko. Akasema ni wavuvi wote kwa jumla. Sture akaitazama saa yake. Dirishani kulionekana mto uliofunikwa na barafu ya siku tatu, na mtu mmoja alikuwa akiuvuka akiburuta kisanduku cha kuvulia samaki. Aligonga kwa fimbo ya kizamani, akasimama, akakisia, akaenda hatua nyingine. Tyra alimtazama mpaka akasahau kupumua. Aliogopa kwamba jina likitoka halitarudi, na aliogopa kwamba likibaki, yule mtu atazama majini, na hofu ya pili ndiyo iliyoshinda.

"Ni kaka yangu," alisema. "Isak."

Wote wawili walivuta pumzi kwa pamoja. Pazia lilielekea upande wao, kisha likatulia.

"Jina zuri," alisema Maj-Lis. "Fupi. Fimbo tutaiita hivyo."

Sture aliongeza kwamba wateja wa fimbo watakuwa migodi, yenye malori mazito ya kupita juu ya barafu na fedha ya kulipa. Bei ya glavu haiwezekani, na wavuvi wanazo fimbo zao tayari. Tyra alifungua mdomo kupinga. Hoja yake yote ilikuwa imeliegemea lile jina, na jina halikuwapo. Akasaini. Walimpa hisa tisa katika kila mia, wakamshika mkono, wakamwambia sasa ni mwenzao.

Nyumbani Gerd alikuwa anamngoja na koti mabegani.

"Umemtaja Isak?"

Tyra alijibu alivyojibu maisha yake yote, bila kufikiri. Fyup. Pumzi iliingia, haikutoka, na hapo ndipo alipokumbuka alichosaini: sasa naye ni mwenye hisa.

Gerd aligeukia dirisha. Midomo yake ilijipanga kusema kitu, ikajipanga upya.

"Yule," alisema mwishowe. "Yule wetu."

Kisha akamkatia binti yake jibini.

Tangu siku hiyo Tyra huitikia kwa kuinamisha kichwa, midomo ameibana. Januari waliweka bango kubwa kwenye kituo cha mabasi: mkono wa mchimba madini umeshika fimbo, na juu yake herufi nne nyekundu. Gerd alisimama mbele ya bango pamoja na Tyra, theluji ikimtua begani, akazisoma kwa macho moja baada ya nyingine, kisha akazirudia. Nyuma yao, mtoni, watu walikuwa wanavuka, wakigonga na kukisia.

"Limeandikwa nini?" aliuliza.

Tyra alimwambia ni jina la fimbo.