Televisheni Iliyokaguliwa Kama Ng'ombe

Baba mudogo Roger anajua ng'ombe. Hilo hakuna mtu wa Bule anayeweza kumbishia. Akimwangalia ng'ombe meno, akambonyeza tumbo, akamwinua mkia, anakwambia amezaa mara ngapi na kama mwenye kumuuza ni mwongo. Shida ni kwamba ng'ombe wetu walibaki Bule tulipokimbia vita, waliowala hatuwajui majina, na hapa Bunia, katika nyumba ya kupanga ya Saio, hata kuku tunamfunga mguu asituhame. Kwa hiyo siku wakwe walipokuja kuuliza mali yangu, yaani mahari, itakuwa nini, baba mudogo alikohoa, akasema ng'ombe hapana, ng'ombe mmoja anaita wezi kumi. Yeye anataka plasma. Ndivyo tunavyoita televisheni zote nyembamba, hata zile ambazo mwuzaji anaapa kwamba si plasma.

Na si plasma yoyote tu. Alitaka 4K.

Neno hilo alilisikia kwenye matanga ya jirani. Ukutani kulikuwa na televisheni, na mwenye nyumba, katikati ya kilio, aliwaambia watu kwamba ni 4K, kwa sauti ile watu wanayotumia wakimtaja askofu. Baba mudogo hakuuliza maana yake. Yeye haulizi maana ya kitu, anakiomba tu.

Baba yangu mzazi alishafariki, kwa hiyo aliyekuwa wa kupokea au kukataa ni baba mudogo. Na mimi nilitaka apokee. Gaël, mchumba wangu, anatengeneza mapikipiki huko Ngezi, na Jumatatu alikuwa anaondoka kwenda Mongbwalu, ambako mwenye mashine za kuvuta maji ya machimbo alimwahidi kazi na chumba. Mali ikipokelewa Jumamosi, tunaondoka pamoja. Ikikataliwa, anakwenda peke yake, na kila mtu anajua: mwanaume akienda Mongbwalu bila mke anarudi na wawili, au harudi kabisa. Mimi ningebaki Saio kupikia nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuosha sahani yake. Hayo yote sikuwa nimemwambia mtu. Hakuna aliyeniuliza, na mimi ni mtu ambaye hata kuomba chumvi mezani lazima kwanza nikusanye nguvu.

Wakwe walifika Jumamosi hiyo mchana, matope mekundu hadi magotini, wakakaa upande wao chini ya turubai. Walileta mbuzi, suti ya baba mudogo, vitenge vya mama, chumvi, sabuni, na kartoni kubwa iliyobebwa na vijana wawili polepole kama wanabeba maiti. Mimi nilikuwa chumbani, nyuma ya pazia, pamoja na shangazi Émilienne. Kazi yake ilikuwa kunizuia nisichungulie. Aliifanya vizuri sana, maana tundu pekee la pazia alilikalia yeye, na habari nilizipata kutoka mdomoni mwake, pamoja na maoni yake.

Msemaji wa wakwe alikuwa muzee Antoine, baba mukubwa wa Gaël, katekista. Aliomba baraka kwa muda mrefu hadi mbuzi mmoja akalala. Halafu vitu vikaanza kukaguliwa. Mbuzi walipita. Suti ilimbana baba mudogo tumboni, lakini alisema atakonda. Ndipo kartoni ikafunguliwa.

Baba mudogo aliikagua televisheni kwa namna pekee anayoijua. Aliigonga mgongoni, akasikiliza. Aliinusa. Aliishika ukingo kwa vidole viwili, akauliza kama haijaugua, mbona imekonda hivi. Mwishoni aliinua waya wa umeme, akatazama chini yake. Shangazi alilegea kwa kicheko hadi akaliachia tundu, na hapo ndipo na mimi nikaona.

Wakawasha jenereta. Nathanaël, mtoto wa kwanza wa baba mudogo, alichomeka flash yenye filamu ya wanyama. Nathanaël alisoma informatike, mambo ya kompyuta, mwaka mmoja, na tangu hapo hagusi jembe. Simba akatokea kwenye kioo, mkubwa, manyoya yake yanahesabika moja moja. Baba mudogo akavuta kiti mpaka magoti yakagusa meza. Mtu anayemfahamu anajua macho yake yalishachoka zamani. Wiki ile ile alikuwa amegombeza koti lililotundikwa mlangoni, akiliuliza kwa nini halimsalimii. Lakini mbele ya simba yule alipona.

"Naona nzi kwenye sikio ya simba," alisema. "Naona hata mguu ya ile nzi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi akaniambia ninyooshe kilemba, nitaitwa sasa hivi. Nilianza kufikiria sufuria gani nitaenda nayo.

Hapo Nathanaël akageuza kartoni. Kwa nini mtu aliyeletewa televisheni bure ageuze kartoni, mimi sijui. Mwaka mmoja wa informatike hauna kazi nyingine, labda. Alisoma ubavuni, akasoma tena, akainama kwa baba yake, lakini Nathanaël hajui kunong'ona.

"Papa, hii haiko 4K. Hapa wameandika mille neuf cent vingt kwa mille quatre-vingts. Iko Full HD."

Macho ya baba mudogo yakaugua papo hapo. Alirudisha kichwa nyuma, akakunja uso, akamtazama simba kama mtu anayemtazama mdai.

"Sasa naona," alisema. "Simba iko na matundu."

Wakataka maelezo, na Nathanaël akawapa, maana alikuwa ameingoja siku hiyo tangu aache shule. Alisema picha ya televisheni ni nukta ndogo ndogo, pikseli, zimepangwa kama maharage kwenye mkeka. Unahesabu zinazolala upande, unazidisha na zinazosimama, na jibu ndilo linakwambia picha ni laini kiasi gani. Full HD, ile elfu moja mia tisa ishirini kwa elfu moja themanini, ina kama milioni mbili. 4K ina milioni nane. Katika maelezo yote hayo baba mudogo alichukua vitu viwili tu, mbili na nane.

"Tuliomba ng'ombe," aliwaambia wakwe. "Mumeleta mguu moja, na munauita ng'ombe."

Muzee Antoine akasimama. Alionyesha mbele ya kartoni, ambako kulikuwa na nyota ya dhahabu yenye 4K ndani yake, kubwa kuliko sahani. Nathanaël akamwonyesha maandishi madogo chini ya nyota, madogo kama mayai ya chawa, yaliyosema kwamba televisheni hii inaweza kupokea filamu ya 4K na kuipunguza hadi ienee kwenye kioo chake. Yaani kioo chenyewe si 4K. Muzee Antoine alikiri kwamba dukani walisoma nyota tu. Mwuzaji aliwaonyesha nyota, wakaamini. Alisema yeye amezoea kuamini, ni kazi yake.

Lakini hakuketi. Alieleza kwamba nukta nyingi hazileti faida kama picha inayoingia ni ndogo. Antena za Saio zinaleta picha ambayo haijazi hata hizo milioni mbili. Kununua milioni nane kwa antena hiyo ni kualika watu wanane kwenye sahani ya wawili. Na tena, alisema, kwa kioo cha puse, yaani inchi, arobaini na tatu, mtu akikaa mbali kama wageni walivyokaa, hata mwenye macho mazima hawezi kuzitofautisha.

Neno macho lilianguka vibaya. Hata jenereta ilikohoa.

Baba mudogo alijibu bila kupandisha sauti, na mpaka leo nafikiri jibu lake halikuwa la kijinga.

"Muzee, nilipokuwa na ng'ombe nyingi, unafikiri nilikunywa maziwa yote? Ng'ombe si ya kukamua tu. Ni ya watu kujua iko."

Wazee wa upande wetu wakatikisa vichwa kukubali. Wengine walikuwa na zizi kubwa kuliko letu, na sasa wanakaa kwenye viti vya plastiki vya kuazima. Ikaamuliwa wakwe warudi na vitu vyao vyote, waje Jumamosi nyingine na 4K ya kweli. Muzee Antoine akasema kartoni iliyofunguliwa duka haliirudishi, na kijana anasafiri Jumatatu. Akajibiwa kwamba barabara ya Mongbwalu haijafungwa, kijana asafiri salama. Gaël mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kusema. Bwana arusi siku hiyo ni kama mbuzi, anaangaliwa tu. Alikuwa amekaa akikwangua matope kwenye kiatu kwa kijiti, na alishafika kwenye ngozi.

Muzee Antoine akaomba kitu kimoja cha mwisho. Desturi inasema msichana aulizwe. Hata kama ni kukataa, mali haiondoki uwanjani kabla yeye hajasema. Baba mudogo hakuwa na wasiwasi. Alinijua. Shangazi akanisukuma nje, akaniambia sikioni nijibu tu kwamba nafuata anavyosema baba, halafu nirudi haraka, wali unaungua.

Nilipiga magoti kwenye mkeka. Mimi mbele ya watu wengi hata jina langu nalitafuta.

"Joëlle, mutoto yangu," baba mudogo alisema. "Umesikia yote. Hii mali tupokee ao tusipokee?" Na akainua nyusi, ili nisikosee.

Nilikuwa nimekwisha kutayarisha neno nafuata. Nilipofungua mdomo, likatoka lingine.

"Baba mudogo, hii plasma musipokee. Haikustahili weye."

Nyusi zake zikashuka, ameridhika. Gaël akaacha kukwangua kiatu.

"Mupokee mbuzi, na suti, na vitenge vya mama," nilisema kwenye mkeka, maana juu sikuweza kutazama. "Plasma warudi nayo kwao. Miye na Gaël tutakuwa tunaiangalia kule Mongbwalu."

Halafu, kwa sababu nilishaanza na sikujua namna ya kusimama, nikaongeza kwamba kama simba ana matundu si neno, sisi hatutamwogopa.

Upande wa wakwe mama mmoja alicheka kupitia puani. Muzee Antoine, ambaye muda wote alikuwa mtu wa polepole, aliwaita vijana wake kwa mkono mmoja kama mtu anayefukuza kuku, wakaja mbio na kartoni. Nathanaël alikuwa ameshapanga nani atakaa wapi siku za mpira. Aliita papa kwa sauti nyembamba sana.

Baba mudogo akaweka mkono juu ya televisheni.

"Nani alisema inatoka hapa?" aliuliza.

Aliwatazama vijana hadi wakaiweka kartoni chini. Akaeleza, kana kwamba sisi ndio tulisahau, kwamba kwetu Bule ng'ombe wa kuchechemea harudishwi, anapokelewa, na mwenye kumleta anatozwa amande, ndiyo faini. Amande ni kasha la bia, na liletwe sasa. Muzee Antoine alikubali kabla sentensi haijaisha. Baba mudogo akanigeukia, akauliza swali upya kama desturi inavyotaka, safari hii bila nyusi.

"Mupokee, baba," nilisema.

Nikaenda kukaa kwenye benchi la wakwe, kando ya Gaël, ambaye alikuwa ananuka petroli na sabuni. Nyuma ya pazia shangazi alikuwa anapiga kelele kuhusu wali. Watu walipoanza kuimba, Gaël aliinama kidogo, akitazama mbele kama hatufahamiani, akaniuliza ningefanya nini kama baba mudogo angekubali plasma irudi.

"Tungekuwa na plasma," nilimwambia.