Mawese Ndani ya Jiwe

Vanishi ya sakafu ya Firdausi ilipoanza kubanduka, nilifurahi. Sitaki kujipamba hapa. Mimi ndiye mke mkubwa, naishi Kibondo kwenye sementi yenye nyufa, na mke mwenzangu yuko Kasulu mjini anakanyaga mawe ya asili yanayong'aa. Niliposikia vanishi imefura malengelenge kuanzia sebuleni mpaka mlangoni, siku hiyo nilikula ugali wa muhogo nikaongeza.

Furaha ikakatika mume wetu Abdalah aliponipigia simu.

"Mama Shamsi, njoo Kasulu. Fundi anamtaka mtu aliyesafisha mawe yale mwanzo."

Aliyeyasafisha ni mimi.

Nilimkuta fundi amepiga magoti sebuleni. Anaitwa Floribert, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Alikuwa akikwangua vanishi kwa kisu kipana, nayo ikitoka kama maganda ya kiazi kilichochemshwa. Firdausi alisimama kando na kanga mpya, hina mpaka kwenye viwiko. Hata viwiko vyake vilinikera.

"Mama," Floribert akaniuliza, "ni nani alipakala mawese huku? Iliingia mu jiwe kabisa. Verni haiwezi kamata."

"Si nilikwambia?" Firdausi akamgeukia mume wetu. "Hii ni roho mbaya ya mtu."

Abdalah akanitazama. Akiamini maneno yale, basi nimekwisha. Kibondo na Kasulu nzima nitakuwa mwanamke aliyeharibu nyumba ya mwenzake, na nani atabisha? Wivu ninao, tena tele. Mawese yale, lakini, sikuyapaka kwa wivu.

"Ulipaka wewe?" akauliza.

"Nilipaka. Siku tatu, lita tano, jiwe kwa jiwe, kwa kitambaa. Ndivyo mama alivyong'arisha sakafu yake kijijini Heru Juu."

"Kwa nini, Zena?"

Miaka mingi hakuwa ameniita kwa jina langu.

"Uliniambia nikaiandae nyumba mpya. Hukuniambia kuna harusi. Nilidhani ni nyumba yangu."

Abdalah akatoa simu mfukoni, akaikodolea macho, na haikuwa imeita. Firdausi akashusha kanga yake ikafunika viwiko.

Floribert hakutaka kuingia katika mambo ya watu. Alikoroga unga wa muhogo na petroli kidogo, akafungua madirisha yote, akaupaka uji ule mzito juu ya mawe na kuufunika kwa nailoni. Alisema unga utayanyonya mafuta. Nikalazwa chumba cha wageni, chumba ambacho magoti yangu yanakijua kona kwa kona.

Kesho yake alifunua nailoni. Unga mweupe umegeuka rangi ya chungwa, chumba kizima.

"Inatoka muzuri," akasema. "Narudilia mara moja tena, ikikauka naweka verni mupya."

Firdausi akachukua ufagio ili akautupe unga ule. Nikamnyang'anya, nikapiga magoti, nikaukusanya mwenyewe, jiwe kwa jiwe, mpaka ndoo ikajaa. Petroli ilinichoma machoni, au tuseme ilikuwa petroli. Nikajitwika.

"Dada, unapeleka wapi uchafu huo?" Firdausi akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Kibondo," nikamwambia. "Nyumba ni yako. Mafuta haya ni yangu."