Moto Usioivisha

Katika nchi ya Kinamo, hata mfalme alingoja zamu yake ya kuchomewa chungu. Ndivyo Jumuiya ya Tanuri ilivyopanga tangu ilipoanzishwa na wanawake waliochoka kupasukiwa na mitungi, kila mmoja uani kwake na kijimoto chake. Walikusanya kuni pamoja, wakajenga tanuri moja kubwa kando ya mto, wakakubaliana kwamba kila aliyefinyanga angechomewa kwa kufuata alivyofika. Wafalme wa mwanzo walituma watumishi wao wakapanga foleni. Hawakufurahi, lakini walikula vizuri, wakanyamaza.

Mfalme wa habari hii hakupenda foleni. Alianza kwa kujitangaza Mlezi wa Jumuiya, na wanawake wakampigia vigelegele, kwa sababu alileta kuni mikokoteni kwa mikokoteni. Baadaye vyombo vya ikulu vikawa vinatangulia. Mwishowe akaagiza tanuri liache vyungu kabisa, lichome matofali ya ukuta wa kuizunguka ikulu, umkinge na adui ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

Mwenyekiti wa Jumuiya alikuwa Mama Sikudhani, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Hakumkabidhi mtu chungu kabla ya kukigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza mlio wake. Aliitwa barazani kupokea amri.

"Mtukufu Mfalme," alisema, "watu wanachemsha maji kwenye makopo yenye kutu. Watoto wanaumwa. Turuhusu tuchome vyungu kwanza."

"Tanuri ni la nani?" Mfalme akauliza.

"Ni la kila aliyefinyanga."

Mfalme alitabasamu, akamshukuru kwa ushauri wake mzuri. Waziri wa Moto, ambaye cheo chake kilikuwa kimebuniwa msimu uleule, akamsindikiza kwa mlango wa nyuma.

Msaidizi wa Mama Sikudhani, Bi Mwanakombo, alimsubiri kwenye lango la mbele mpaka walinzi walipolifunga. Alipowauliza, wakajibu kwamba Mwenyekiti amesafiri. Kesho yake Waziri alimfuata Bi Mwanakombo nyumbani, akawasifu wajukuu wake mmoja mmoja kwa majina, kisha akamwomba akalie kiti kilichokuwa wazi. Bi Mwanakombo alikubali. Jumuiya nayo ikapiga makofi, huku kila mtu akitazama chini.

Matofali yakapangwa, moto ukawashwa. Uliwaka kama kawaida: moshi ulipanda, wachochezi wakatoka jasho. Lakini tanuri lilipofunguliwa, hewa iliyotoka ilikuwa ya baridi, kama pumzi ya kisima. Matofali yalitolewa yote yakiwa mabichi na yenye unyevu. Bi Mwanakombo alichukua moja akaligonga, likatoa sauti ya kitu kilichojaa maji. Ndipo kutoka ndani ya tanuri, ambalo sasa lilikuwa tupu, kitu kikagonga kujibu. Ulikuwa mlio safi wa chungu kilichoiva.

Wanawake wote waliusikia. Waliokuwa karibu walisogea nyuma, na tangu siku hiyo watu wa Kinamo wakawa wanapita mbali na tanuri, wakinong'ona kama wanaopita penye msiba.

Tofali moja lilipelekwa barazani juu ya mto wa hariri. Waziri aliligonga, akasema limeiva vyema. Wazee wa baraza wakalipokezana, kila mmoja akisifu zaidi ya mwenzake, na vidole vyao vikibaki na tope walilojifuta kimyakimya kwenye kanzu. Lilipomfikia Bi Mwanakombo, alisema, "Limeiva."

Ukuta ukajengwa. Kila moto ulipowashwa, matofali yalitoka vilevile, na kile kitu kikagonga vilevile. Bi Mwanakombo alikonda. Hakuweza kusikia hodi mlangoni bila kuziba masikio.

Masika yalipofika, ukuta ulilainika, ukainama, ukaporomoka wote asubuhi moja. Upande wa pili hapakuwa na adui. Palikuwa na watu tu, wamesimama mvuani, wakimtazama Mfalme kwenye roshani yake.

Aliita baraza kwa hasira, akataka kujua nani alimdanganya. Bi Mwanakombo alisimama.

"Matofali yalitoka mabichi," alisema. "Sote tuliona. Mimi nilisema yameiva."

"Kwa nini hukuniambia ukweli?"

"Aliyekuambia ukweli kabla yangu hajarudi. Yuko wapi, Mfalme?"

Mfalme alimtazama Waziri. Waziri akasema yeye alitekeleza agizo tu. Watu walikuwa wameshaingia uani, na swali hilohilo likaanza kupita mdomo kwa mdomo, bila kelele, mpaka likaijaza ikulu. Jioni Mfalme aliondoka na Waziri wake, wakipita pale ulipokuwa ukuta.

Mpwa wake ndiye anayetawala sasa. Ni kijana msikivu. Alifika kwenye tanuri na mikokoteni ya kuni, akawasihi wanawake wasahau yaliyopita, wawashe moto, nchi ipike tena. Bi Mwanakombo alimwuliza Mama Sikudhani alizikwa wapi. Kijana akasema hayo yalitokea kabla yake.

Swali halijajibiwa, na kuni bado zipo palepale, zinaota uyoga. Watu wa Kinamo wanachoma mihogo majivuni na kunywa maji kwa viganja. Wanawake wa Jumuiya huketi mbele ya tanuri kila siku, na mgeni akiwauliza wanangoja nini, humwashiria anyamaze, asikilize kinachogonga ndani.