Masaa Manane ya Jumatano

Siku dalali alipobandika tangazo la mnada kwenye geti, Zeinab alilisoma mara moja, akalibandua, akalikunja mara nne na kulitia chini ya mguu wa meza ya jikoni iliyokuwa ikiyumba. Meza ikatulia. Kisha akavaa buibui, akatoka kutafuta msaada, kwa sababu siku arobaini na tano si nyingi na haziongezwi kwa machozi.

Nyumba yenyewe haikuwa ya kujivunia. Vyumba vitatu katika mtaa wa Kapsoya, mabati ya kijani, tangi la maji nyuma, ukuta wa mbele ambao haujapigwa plasta. Lakini Farah, mumewe, aliijenga kwa miaka kumi na moja ya kubeba mahindi kutoka kijiji cha Ziwa kwa lori la kuazima, na haikudaiwa hata msumari mpaka alipopeleka hati ya ploti benki ili anunue lori lake mwenyewe. Lori lilipinduka karibu na Cheptiret, miezi minane baadaye. Farah alitoka bila mkwaruzo. Kiharusi kilimkuta nyumbani, amekaa kwenye kiti chake, anapuliza chai. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakabaki matatu: maji, hapana, na Zeinab.

Msaada aliupata juu ya duka la mbolea mjini, kwenye ofisi ndogo ya shirika lililosaidia watu ambao nyumba zao zinataka kuuzwa. Kijana wa pale aliitwa Lawrence Khisa, mtu wa Bungoma, mpole, mwenye tai fupi. Alimweleza kwamba shirika halitoi pesa bure, maana ukimpa mtu bure unamharibu. Mwenye nyumba anatoa masaa mia moja ya kuhudumia jamii, shirika linampelekea benki malimbikizo ya miezi sita. Kila saa iandikwe kwenye fomu: huduma gani, masaa mangapi, nani kahudumiwa, sahihi na muhuri. Fomu ikifika siku moja imechelewa, basi. Zeinab aliona ni haki. Kufanya kazi hakujawahi kumtisha, kilichomtisha ni kuomba.

Alipangiwa zahanati. Kila asubuhi alimgeuza Farah, akamwosha, akamlisha uji, akamwachia mjane wa jirani, saa mbili akawa ameshika ufagio. Alipiga deki, akafua mashuka, akapanga kadi za kliniki ya watoto, akawaonyesha wazee choo kilipo. Sista Nabalayo, aliyesimamia pale, alikuwa mtu wa kukaza kalamu. Masaa saba na nusu hayakuwa manane. Siku moja Zeinab aliondoka dakika ishirini mapema kwa sababu Farah ameanguka kutoka kitandani, na Sista akaandika hivyo hivyo, kasoro dakika ishirini, akasema asimchukie, mkaguzi akija hatamuuliza Farah. Zeinab hakumchukia. Angekuwa yeye angefanya vilevile.

Kufikia Jumanne ya wiki ya mwisho alikuwa na masaa themanini na manne, zile dakika ishirini akiwa ameshazifidia. Jumatano manane, Alhamisi manane, Ijumaa asubuhi apeleke fomu. Mnada ulikuwa Jumanne inayofuata. Alikuwa amehesabu, na hesabu ilikaa.

Jumatano saa moja na robo, akiwa anafunga viatu, simu ikalia. Alikuwa Bilal, mtunzaji wa msikiti.

Hapa yafaa kusema kwamba Zeinab alikuwa mwosha maiti. Mama yake alikuwa mwosha maiti, akamfundisha akiwa na miaka kumi na tisa, na kwa miaka thelathini na moja hakuna mwanamke wa Kiislamu aliyefariki mjini, tajiri au fukara, ambaye Zeinab alikataa kumwosha. Mama yake alimpa masharti matatu. Usiseme ulichokiona. Usichague maiti. Na usipokee kitu katika nyumba ile, hata soda, hata nauli. "Ukipokea," mama alisema, "utakuwa umeajiriwa, na waajiriwa huangalia saa." Zeinab alikuwa amevunja mambo kadhaa maishani, lakini hayo matatu hapana. Katika kila kitu alichokuwa nacho, hicho ndicho pekee ambacho hakikuwa na bei.

Bilal alisema kuna mwanamke amefia ndani ya basi akielekea Kitale kumwona binti yake. Mgeni, kutoka kaskazini, hana mtu hapa. Yuko mochari ya hospitali kuu. Bi Ruwayda, mwosha mzee, magoti hayasimami tena. Yule mwingine wa tatu yuko Garissa kwenye arusi.

Zeinab alikaa kwenye kitanda na kiatu kimoja. Alimwuliza kama inaweza kungoja jioni. Bilal akasema, "Mama Hafsa, ukisema ingoje, itangoja. Hana wa kuuliza."

Akaenda.

Kuosha kwenyewe, palepale mochari, hakukuchukua hata masaa mawili. Maji ya vuguvugu, majani ya mkunazi, kafuri, sanda. Mwanamke alikuwa na umri kama wake, na kisigino kilichopasuka kama chake. Kilichokula siku ni karatasi. Basi lilikuwa limepita kituo kimoja cha polisi na kusimama karibu na kingine, kwa hiyo polisi wa hapa walisema barua iandikwe kule, na wa kule wakasema huku. Mochari haikumtoa bila barua, na Zeinab hakutaka kumwacha mgeni peke yake. Zeinab na Bilal waliketi kwenye benchi la simenti, wakatazama watu wa maiti nyingine wakija na kuondoka, wakiimba. Barua ilifika saa tisa na nusu. Alipofika zahanati, Sista Nabalayo alikuwa anafunga kufuli.

Sista alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema pole, na alimaanisha. Kisha akasema hawezi kuandika masaa ambayo hakuyaona.

Nyumbani Hafsa, binti yake, aliyekuwa keshia katika duka la vitambaa mjini, hakumpa pole. Alimpigia Lawrence pale pale, akaweka simu mezani ili wote wasikie. Lawrence alisikiliza, kisha akacheka kwa furaha, kama mtu aliyeokota funguo.

"Lakini Mama, hiyo si ni huduma pia? Ulitoka nyumbani saa moja, ukamaliza saa tisa na nusu. Hayo ni masaa manane safi. Andika! Mtu wa msikiti atie sahihi, apige muhuri, tumemaliza."

Zeinab alisema hiyo haiandikwi.

"Kwa nini isiandikwe? Kwetu hata aliyechimba kaburi anapewa kuku wake. Sio dhambi."

"Kwenu," alisema Zeinab.

Lawrence akasema yeye hamlazimishi, ila fomu yenye masaa tisini na mawili ataiweka wapi.

Simu ilipokatika, Hafsa alisema aliyotaka kusema tangu mwanzo. Alisema kwa sauti ya chini kwa sababu baba yake alikuwa chumba cha pili. Kwamba miaka thelathini mama yake amewaosha wake za watu wenye maghorofa, na hakuna hata mmoja wao aliyesimama getini siku ya tangazo. Kwamba yule mwanamke wa basi sasa ana nyumba yake, imechimbwa, hakuna dalali atakayebisha hodi.

"Na Baba utamlaza wapi? Kwenye thawabu?"

Zeinab alimwambia afunge mdomo. Hafsa akafunga. Kutoka chumbani Farah aliita, "Zeinab," na walipoenda walimkuta amelowa, amegeuza uso ukutani kwa aibu. Alikuwa akitazama ukuta wake mwenyewe, ule wa plasta laini aliyoipiga kwa mkono wake wakati mikono ilikuwa miwili. Zeinab alimbadilisha shuka. Alipomaliza alichukua kalamu.

Kwenye nafasi ya huduma aliandika: kuosha. Hakuongeza. Kwenye nafasi ya aliyehudumiwa aliandika jina aliloliona kwenye kitambulisho cha marehemu, kwa herufi kubwa, kama fomu ilivyotaka. Asubuhi, kabla ya zahanati, alipitia msikitini. Bilal aliisoma, akamtazama, akatia sahihi na kupiga muhuri uleule wa vibali vya mazishi. Zeinab alitamani angeuliza jambo.

Alhamisi alifanya kazi masaa manane, na Sista akaandika manane. Ijumaa fomu ikafika ofisini saa tatu kamili. Mia moja.

Shirika lilikuwa na desturi ya kukabidhi hundi hadharani, ili wengine watiwe moyo. Jumamosi waliita watu ukumbini, wakafunga viti vitambaa vyeupe. Lawrence alishika maikrofoni. Alimsifu Zeinab kwa moyo wake wote. Alisema mama huyu amefagia, amefua, amebeba wagonjwa. "Na si hao tu," alisema. "Hata maiti ameosha! Masaa manane, nimeyaona kwa macho yangu kwenye fomu." Watu wakapiga makofi. Katika safu ya tatu, Bi Ruwayda, ambaye Hafsa alikuwa amemkokota kwa teksi ili aje afurahi nao, hakupiga. Aliweka mikono yake juu ya mkongojo, akaitazama mikono hiyo mpaka mkutano ukaisha.

Pesa zilifika benki Jumatatu. Barua ya benki ilifika siku ileile saa kumi, kwa simu ya Hafsa. Walishukuru kwa malipo. Walieleza kwamba, kwa mujibu wa mkataba, malipo yametangulia kwenye adhabu za kuchelewa, kisha wakili, kisha mthamini, kisha dalali na gharama za tangazo. Kilichobaki kimepunguza malimbikizo, lakini hakijayamaliza. Mnada unaendelea.

Hafsa alisoma mara tatu, akitafuta sentensi aliyoiruka. Lawrence alipanda bodaboda mpaka benki, akakaa huko hadi walinzi wakamwomba atoke. Aliyempokea alikuwa na adabu, alimwonyesha kipengele. Kilikuwepo.

Jumanne nyumba iliuzwa kwa dakika kumi na moja. Aliyenunua aliitwa Wanjohi, fundi wa matangi ya maziwa, mtu aliyekuwa akiweka akiba miaka mingi. Alikuja jioni na mkewe, akavua kofia mlangoni, akasema wachukue wiki mbili, hata tatu. Mkewe aliuliza kama maji hukatika. Zeinab alimwambia Alhamisi tu, na valvu ya tangi isikazwe sana, inavuja ukiikaza. Kwa nini asimwambie? Angevujiwa.

Kabla hawajahama, Lawrence alikuja na kilo mbili za sukari. Macho yalikuwa mekundu. Alisema faili lao limefungwa na haliwezi kufunguliwa tena, kwa sababu kwenye ripoti limehesabiwa limefaulu.

"Limefaulu vipi?" aliuliza Hafsa.

"Masaa yalitimia, dada. Sisi tunapima masaa."

Hafsa alicheka mpaka akashika mlango. Zeinab alimpokea Lawrence sukari, akamshukuru, kwa sababu mgeni ni mgeni.

Walipanga vyumba viwili katika mtaa wa Munyaka, choo cha nje cha watu wa ploti nzima. Kitanda cha Farah kilichukua chumba kimoja chote. Hakulalamika. Aliutazama ukuta mpya, wa bati, siku ya kwanza yote, na jioni akasema, "Hapana," mara moja, kisha hakulirudia.

Wiki tano baadaye Bilal alipiga simu. Mama yake Idris, mwenye duka la spea, amefariki nyumbani kwake. Zeinab alikwenda. Alimwosha yule bibi kwa utulivu, upande wa kulia kwanza, akamsuka nywele zake nyeupe misuko mitatu, akamfunga sanda. Kwa muda huo hakufikiria kodi, wala benki, wala kitu chochote, na alipofungua mlango alikuwa karibu na furaha.

Bilal alikuwa amesimama nje na kalamu mkononi, ameshaifungua. Alinong'ona kwa wema, "Umeleta ile karatasi, Mama Hafsa? Nikutilie sahihi kabla sijaondoka."

Alimwambia hakuna karatasi tena. Kabla hajavaa viatu, Idris mwenyewe akaja, macho yamevimba, kijana ambaye Zeinab alimjua tangu akiwa na makamasi. Alimshika mkono, na ndani ya mkono akaacha bahasha.

"Tumesikia siku hizi mnahesabiwa masaa," alisema. "Mimi sijui ni ngapi kwa saa moja. Uniambie kama malipo hayatoshi, Mama. Usinione vibaya."

Neno lililotakiwa lilikuwa moja. Hata Farah aliweza kulisema. Zeinab alilitafuta, akawaona wanawake wa nyumba ile wamesimama kwenye korido wakitazama, si kwa ubaya, wakitazama tu kama mtu anavyotazama fundi akilipwa. Kodi ilikuwa tarehe tano. Siku hiyo ilikuwa tarehe tatu.

"Yanatosha," alisema.

Njiani alinunua nepi za wazee pakiti moja, mkaa debe moja, na unga. Baada ya kutenga ya kodi, zilibaki mia mbili na hamsini. Alipofika Farah aliomba maji. Zeinab aliiweka pakiti chini, akanawa mikono mara mbili kwenye karai nje ya mlango, kisha akamnywesha.