Mkanda wa Tumbo

Nesi alichungulia mlangoni, akauliza nani yuko na mgonjwa wa ovari. Kaka yangu aliinuka, akakaa, akainuka tena. Mimi ndiye niliyejibu, maana siku hiyo kaka alikuwa mzigo kuliko mgonjwa mwenyewe.

"Nendeni duka la dawa hapo chini mkanunue mkanda wa tumbo. Ule mpana," nesi akasema, na mlango ukafungwa.

Wifi yangu, mke wa huyu kaka, alikuwa ameingia asubuhi kufanyiwa upasuaji wa matundu. Ovari yake ya kushoto ilikuwa na uvimbe, na daktari alishuku ni saratani changa, ambayo bado haijatoka nje ya ovari. Alituchorea kwenye karatasi: tundu moja kitovuni la kupitishia kamera, mengine madogo pembeni ya kupitishia vyombo, uvimbe unatiwa kwenye kifuko humo humo ndani, kisha unatolewa. "Nikiona matundu hayafai, nitafungua tumbo," alimalizia.

Basi, sisi tukalishika hilo la mwisho, tukalitafsiri wenyewe. Matundu maana yake saratani ni changa. Kufungua tumbo maana yake imesambaa. Hakuna aliyetuambia hivyo, na hakuna aliyeuliza. Wifi ndiye aliyeiamini tafsiri hiyo kuliko sote. Mimi na yeye tuna tanuri la mikate, na tukiwa tunakanda unga alikuwa akiniambia, "Nikiamka nitapapasa tumbo kwanza. Msijisumbue kunidanganya."

"Wamefungua," kaka akasema.

"Nyamaza kwanza."

"Wamefungua, dada. Mkanda mpana ni wa nini kama si wa kubana mshono mrefu?"

Ningemzaba kibao. Badala yake nikashuka ngazi. Muuza dawa aliniuliza saizi. Wifi ni mtu ninayeshinda naye kutwa, tukigombana juu ya chachu na moto, na sikujua kiuno chake kina ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa mikono, nikiwa nimekumbatia hewa, na hapo machozi yakanitoka mbele ya foleni ya watu wenye mafua. Nilikuwa naogopa, basi. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Niliporudi, kaka alikuwa ameshaharibu mambo. Alikuwa amempigia simu mama mkwe wake, na kilio cha mama kilisikika hadi benchi la pili. Nikampokonya simu.

"Mama, daktari bado hajasema kitu. Huyu mkweo mdomo wake hauna breki."

"Mwanangu yu hai?" mama akauliza.

Nikasema yu hai. Kisha nikageuka kuutazama ule mlango, maana sikuwa na hakika.

Daktari alipotoka, alama ya kofia bado iko kwenye paji la uso, aliketi nasi kwenye benchi. Hilo lilinitisha zaidi, kwa kuwa sijawahi kuona daktari akikalia kiti kwa habari njema.

"Imesambaa?" kaka akamuuliza.

"Nani kasema?"

"Si mmefungua tumbo?"

Daktari akamtazama, akanitazama na mimi, nadhani akaelewa tulikuwa tumekaa na hofu gani siku nzima. "Niliingia na kamera," akasema. "Nikatazama ini, utumbo, kila mahali. Sikuona iliposambaa. Lakini uvimbe ulikuwa umeshikana na mfuko wa uzazi kwa nyuma, na kila nilipouvuta kwa vyombo vile vidogo ganda lake lilitanuka likawa jembamba. Ungepasuka mle ndani, maji yake yangemwagika tumboni, na saratani iliyokuwa imejifungia ningekuwa nimeifungulia mlango mimi. Ndiyo maana nikaacha matundu. Atakuwa na kovu refu, lakini uvimbe umetoka mzima."

"Kwa hiyo amepona?"

"Subirini majibu ya maabara, siwezi kuwaahidi. Ila kwa nilichokiona, sina habari mbaya ya kuwapa."

Kaka akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mimi hasira zilinipanda, za kuwakasirikia daktari, nesi na sisi wenyewe. Kisha nikakumbuka wifi na ahadi yake ya kupapasa, nikanyanyuka na mkanda wangu. Nesi alitaka kunizuia mlangoni, nikamwonyesha mkanda, nikapita.

Nilichelewa. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya bandeji, iliyoshuka kutoka kitovuni hadi chini. Machozi yalikuwa yakimwingia masikioni na hakuwa na nguvu za kuyafuta.

"Wifi," nikamwambia taratibu, "uvimbe umetoka mzima. Haukupasuka. Daktari hakuona uliposambaa."

Akafumba macho. "Wewe huongei taratibu na mimi," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Sauti hiyo ni ya msibani."

Kumbe. Tangu aambiwe ugonjwa wake nilikuwa nimeacha kugombana naye, nikidhani namhurumia, na yeye kila nilipombembeleza alikuwa akijisikia anazikwa.

"Basi nisikilize vizuri, maana sirudii," nikasema. "Umekatwa mpaka chini kwa sababu hilo livimbe lako lina kiburi kama mwenyewe, halikutaka kupita kwenye matundu kama mavimbe ya watu. Na sasa utalala miguu juu wiki nenda wiki rudi, trei za mikate nibebe peke yangu, na mgongo wenyewe huu. Unadhani nimefurahi?"

Nesi akaniambia nipunguze sauti. Wifi akafumbua macho, akanikagua usoni.

"Zima kabisa?"

"Zima. Hata halikuchubuka."

Akalia kwa sauti, ameshika tumbo kwa mikono miwili kwa maumivu.

"Endelea kunigombeza," akasema.

Nikamfuta machozi masikioni, kisha nikaanza na kiuno chake, kilichoniumbua mbele ya muuza dawa.