Siku Rosa Alipoanika Omena Juu ya Ziwa

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Naapa kwa Mungu aliye hai, naapa tena kwa meno machache niliyobaki nayo, na anayedhani mzee mstaafu hana la kufanya ila kuongeza chumvi, aje Usenge nimkaribishe chai tuongee vizuri.

Mke wangu Rosa anaanika omena, wale dagaa wetu wa ziwani, ufuoni tangu Dishon wetu akiwa wa kubebwa mgongoni. Omena zikishatoka botini, anazimwaga juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, kisha anazigeuza kwa ufagio mpaka jua limalize kazi yake. Ukichelewa kugeuza, upande wa chini unaoza.

Saa sita, wanawake wa ufuo huacha kila kitu, wakaingia banda la mizani, wakasali kidogo, wakaimba wimbo mmoja, wakarudi kazini. Rosa alikuwa haikosi sala hiyo. Halafu samaki wakawa wengi, mikono ikabaki ile ile miwili, akaanza kusema ataenda kesho. Kesho zikawa nyingi. Badru, mnunuzi wetu, ambaye ni Mwislamu, saa yake ya sala ikifika alikuwa anafunga gunia, ananawa ziwani, biashara anamwachia Mungu. Rosa alimtazama huku akifagia.

Jioni moja aliniambia jambo lililonifanya niache kutafuna. Siku hizi akipiga magoti, maneno yanatoka lakini hayaendi popote. Kanisani anaimba, na moyo umekaa tu kama kiti. Alikuwa anaogopa.

"Baba Dishon," alisema, "ni kama Mungu amehama bila kuniachia namba."

Nikamwambia ni uchovu tu, alale. Hakulala.

Basi ikaja ile wiki samaki walijaa mpaka mchanga ukakosa nafasi. Magugumaji nayo yalikuwa yamefunga ukingo wote, yameshikana, nyasi zimeota juu yake, ng'ombe wa jirani wanakula humo, na mmoja alizalia humo humo. Hii ya ng'ombe ni kweli. Rosa akaona uwanja mpana usio na mtu. Asubuhi na mapema akatandaza nyavu zake juu ya magugumaji, akamwaga omena, akashika ufagio. Huko mbele, alifikiri, hakuna atakayemwita kwenda kusali, na yeye hatahitaji kutoa sababu.

Upepo wa asubuhi hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Ulikuja polepole, ukayabandua magugumaji ukingoni, ukayasukuma. Rosa ameinama, anafagia. Alipoinuka kunyoosha mgongo, kilima cha Usenge kilikuwa kimerudi nyuma, kimekuwa kidogo na cha buluu, kama kitu alichowahi kusimuliwa. Mabati ya nyumba yalimetameta mara moja, yakazimika.

Kwanza alipiga kelele. Sauti ikatembea juu ya maji, ikachoka. Basi akafanya anachokijua: akageuza omena. Akazigeuza zote, akazigeuza tena, mpaka hapakuwa na omena hata moja iliyobaki na upande wa kugeuzwa. Akaketi.

Saa sita upepo ukafa. Anasema ziwa likawa jeupe na mbingu nyeupe, pasiwe na mstari kati yake, na lile shamba lake la majani likaelea katikati kama limesahauliwa. Maua ya zambarau yalifunguka kumzunguka pande zote. Yangeyange wakashuka, wengi, kimya, wakaanza kula omena bila haraka. Aliinua ufagio awafukuze, kisha akaushusha. Kiboko akatokeza, akaweka kidevu juu ya ukingo wa magugumaji kama mzee wa kanisa aliyechelewa ibada, akafumba macho. Na kutoka mbali sana, nyembamba kama uzi, ikamfikia sauti ya wanawake wakiimba bandani.

Akaanza, "Baba yetu," akanyamaza. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kushika. Akailaza mapajani. Anasema hakuomba arudishwe, wala hakuombea omena. Alikaa tu na maneno hayo mawili, na kadiri alivyokaa ndivyo yalivyojaa, kama vile mtu ameketi kando yake na wote wawili wamekubaliana kutosema kitu. Alikaa muda gani hajui. Alilia kidogo, akacheka kidogo kwa sababu ya kiboko.

Sasa hapa ndipo mimi ninapoingia. Niliona kisiwa kimeondoka na mke wangu. Nikarukia boti peke yangu, na umri huu, nikapiga kasia mpaka karibu na kisiwa cha Mageta, mamba mmoja kulia na mwingine kushoto. Nikafunga kamba kwenye magugumaji, nikavuta kisiwa kizima, Rosa, yangeyange na kiboko, mpaka nyumbani.

Nilikuwa nimefika hapo katika kuandika, bila kujua kwamba Rosa anasoma nyuma ya bega langu. Aliuliza hiyo boti nimeitoa wapi. Nikasema wasomaji wanapenda boti. Akasema ni upepo wa mchana, huu unaotoka ziwani kila siku, ndio uliomrudisha taratibu, akashuka kwa miguu yake, sketi imelowa, omena zimebaki nusu, na mtu wa kwanza aliyemkuta ni mimi, nimelala kwenye kivuli cha boti iliyopinduliwa, kofia usoni. Mamba niwatoe. Kiboko nimwache, huyo alikuwepo.

Nilifungua mdomo kujitetea, akaniwahi.

"Kulala kwako hakukunikasirisha," alisema. "Lakini andika na hili. Niliacha kwenda kusali kwa sababu omena hazikuwa na mtu wa kuzigeuza. Na mtu yupo, Baba Dishon. Ana mikono miwili na hadithi nyingi."

Akanipa ufagio.

Kwa hivyo mistari hii ya mwisho naiandika mgongo ukiniuma. Saa sita ikifika Rosa ananawa mikono, anajifunga leso kichwani, anaingia bandani na wenzake. Mimi nabaki juani na omena. Wanawake wakipita wananiamkia kwa heshima nyingi kupita kiasi, kisha wananionyesha mahali nilipoacha bila kugeuza. Baadaye wanaanza kuimba. Naitafuta sauti yake kati ya zao, na nikishaipata, narudi pale nilipopaacha, nainama, nageuza.