Nyumba ya Mzee Timazi Yafanya Mtihani

Nyumba ya Mzee Timazi ilipangiwa kufanya mtihani siku ya Jumatatu, na kufikia Jumapili jioni mwenye nyumba alikuwa ameshaamua kuiba.

Tusimhukumu upesi. Alikuwa mwashi kwa miaka arobaini, na jina la Timazi alipewa na mafundi wenzake kwa sababu hakuwahi kuinua ukuta bila kuushushia ile kamba yenye kizito nchani, kuhakikisha umesimama wima. Hata banda la kuku alilishushia timazi, na kuku wenyewe hawakuomba. Sasa alikuwa amestaafu, mkubwa kuliko wote mtaani, hata ikawa miaka kumi imepita hajapata mtu wa kumwamkia. Yeye alikuwa wa kuitikia tu.

Nyumba aliijenga kwa mikono yake, na chumba cha chini alikichonga ndani ya kilima cha mawe kilichokuwa nyuma yake. Humo ndimo alimolala na mkewe tangu magoti ya mkewe yalipogoma kupanda ngazi. Sakafu yake ilikuwa laini kama sahani. Mkewe alizoea kusema kwamba mumewe aliposa mara mbili maishani, kwanza yeye, kisha sakafu ile, na kwamba sakafu ndiyo iliyopanguswa kila siku.

Mtihani wenyewe ulitoka kwa binti yao, muuguzi wa wadi ya kifua. Alikuwa amemwuguza mama mmoja aliyekufa kwa saratani ya mapafu bila kuwahi kushika sigara, mama aliyelala miaka thelathini katika chumba kama kile, kwenye kilima kilekile. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kilichomwua, lakini binti alishindwa kulala. Akamweleza baba yake kwamba mawe hutoa gesi iitwayo radoni, isiyoonekana, isiyonuka, isiyo na ladha. Hupenya sakafu, hujikusanya ndani, na anayeivuta miaka mingi huweza kupata ugonjwa ule. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama siku hizi hospitalini wanafundisha na ramli. Binti akamjibu kwamba kama hajali mapafu yake, basi akumbuke ni nani anayeshinda humo mchana na kulala humo usiku. Mzee akakubali, ila moyoni aliona nyumba yake imesingiziwa.

Mpimaji alikuja Jumatatu asubuhi, dada mmoja mpole aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akaweka juu ya kigoda, kando ya kitanda, kifaa cheupe kama redio ndogo iliyonyimwa sauti. Masharti yalikuwa machache: kwa siku saba madirisha yafungwe, mlango ufunguliwe kwa kupita tu, na kifaa kisiguswe, kisifunikwe, kisihamishwe. Mzee Timazi aliitikia kila sharti kwa kutikisa kichwa, kwa unyenyekevu wa kiranja wa bweni mwenye mkate chini ya godoro.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Gesi ni gesi, ukiifungulia dirisha inaondoka, nyumba inafaulu, watu wananyamaza. Basi kila usiku, mkewe akishaanza kukoroma, alinyata hadi dirishani, akainua komeo taratibu, akarudi kulala na dhamiri safi kabisa.

Jumatatu iliyofuata mpimaji alirudi, akaunganisha kifaa na kompyuta yake juu ya meza ya kulia. Mzee aliketi kifua mbele kama mzazi siku ya matokeo. Mkewe aliketi pembeni akichambua mchele.

Hakuna aliyekuwa amemwambia mzee kwamba redio ile bubu huandika kila saa. Kwenye kioo ulionekana mstari wa siku saba. Kila usiku, saa tano, ulianguka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Kisha saa saba ukaanza kupanda tena, ukapanda, ukapanda, hadi alfajiri. Usiku saba, mabonde saba, vilima saba, vyote vimepangika kama vitanda vya bweni.

Mpimaji aliuliza kwa adabu nyingi kama kuna jambo lolote hutokea saa tano. Mzee akaukumbuka ghafla ukucha wake wa kidole gumba, akaanza kuuchunguza.

"Ya saa tano siyajui," mkewe akasema. "Ya saa saba ni mimi. Naamka na baridi, nakuta dirisha wazi, nalifunga. Nilidhani ni paka."

"Paka gani anayeinua komeo, mama?"

"Ndiyo maana nilianza kumheshimu."

Mpimaji aliinama akacheka ndani ya mkono wake. Mzee hakucheka. Alikuwa akitazama vile vilima. Kila kimoja kilipanda mkewe akiwa usingizini, mdomo wazi, nusu mita kutoka kwenye kigoda. Akaonyesha kilele kirefu kuliko vyote kwa kidole na kuuliza kile ni kiasi gani.

"Mia nane. Ikipita mia tatu hatusubiri, na tungependa iwe chini ya mia moja."

"Mia nane ya nini?"

Mpimaji alinyoosha mikono, akachora hewani boksi kubwa, mita moja kila upande. "Ndani ya boksi kama hili, mzee wangu, chembe mia nane za gesi hiyo zinapasuka. Kila sekunde."

"Wakati gani?"

"Hata tukiongea hivi. Chumba kimefungwa."

Mzee Timazi aliinuka, akaenda akasimama katikati ya chumba cha chini. Kilikuwa kimya. Kitanda, kigoda, kanga ya mkewe kwenye msumari. Alitazama hewa kama mtu anayemtafuta mbu, hakuona kitu, na kutoona kule ndiko kulikomsisimua nywele za mikono.

Mpimaji alimfuata, akamweleza polepole. Ndani ya jiwe la kilima kile mna madini ya urani, machache mno, nayo yamekuwa yakivunjikavunjika tangu kabla kilima hakijawa kilima, kabla ya miti, kabla ya yeyote wa kuyapa jina. Radoni huzaliwa humo. Nusu yake hutoweka kila baada ya siku nne kasoro kidogo, lakini jiwe halichoki kuzaa.

Mzee alipiga magoti, akaweka kiganja sakafuni. Mawe alikuwa ameyapasua, ameyachonga, ameyatukana, moja lilimvunja kidole. Miaka yote hiyo alidhani jiwe ni kitu kilichokwisha kazi. Kumbe lilikuwa kazini muda wote, usiku na mchana, bila likizo, na yeye amelijengea dari.

"Na sakafu yangu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Haina kosa, mzee. Gesi hii hupita hata pale ambapo maji hayapiti."

Dawa ilikuwapo. Nyufa zote zizibwe, sakafu itobolewe, kichimbwe kishimo chini yake, bomba lipande kutoka humo hadi juu ya paa, na feni ndogo iinyonye gesi kabla haijaingia ndani. Mkewe, aliyewafuata na mchele wake hadi mlangoni, akasema taratibu kwamba wanaweza kutafuta fundi mwingine, ili yeye asione.

Mzee alibaki palepale sakafuni.

"Wiki nzima nimeisaidia nyumba," akamwambia. "Sikukusaidia wewe."

Mkewe aliendelea kuchambua mchele. Akasema patasi ipo chini ya ngazi, na atoboe mbali na kitanda.

Alitoboa mwenyewe. Pigo la kwanza lilimtoa chozi, ambalo alilisingizia vumbi. Bomba alilitolea nje, nyuma ya nyumba, akalishushia timazi kuanzia kwenye paa hadi chini. Nyumba ikarudia mtihani, safari hii chini ya usimamizi mkali, kwani mkewe alilifunga komeo kwa waya na kutangaza kwamba paka akionekana dirishani atalala nje. Mstari wa siku saba ulitambaa chini kabisa, bila kilima hata kimoja. Hamsini na mbili.

Asubuhi ya matokeo hayo mzee alitoka akazunguka nyuma ya nyumba, akaegemeza kiganja kwenye bomba. Lilikuwa likitetemeka kidogo, kama shingo ya mnyama mkubwa aliyelala. Pumzi ya kilima ilikuwa inapita chini ya mkono wake, ikielekea mawinguni. Alitazama huku na huku kuhakikisha hakuna mtu. Kisha akavua kofia.

"Shikamoo," akakiambia kilima.

"Marahaba," mkewe akaitikia kutoka ndani, kwa sauti ya mtu aliyeisubiri kwa miaka mingi.